Walikuja Kutafuta Nini? Habari za Watoro wa Rabai na Nia ya Ibada

Mwaka wa jubilei ni mwaka wa kuhesabu. Twahesabu makanisa yaliyojengwa, makasisi waliowekewa mikono, shule zilizofunguliwa na watu waliobatizwa, nasi twamshukuru Mungu kwa kila moja. Lakini liko jambo moja lisilopatikana katika daftari za kanisa. Daftari ya ubatizo yatuonyesha jina la mtu, siku yake na majina ya wasimamizi wake. Haituonyeshi kwa nini mtu yule alikuja. Hilo alilijua mwenyewe na Mungu wake.

Hata hivyo swali hili limeulizwa tangu kale. Katika Kitabu cha Ayubu, Mshitaki asimama mbele ya Mungu, ataka kujua kama Ayubu angeendelea kumcha Mungu endapo mali yake na afya yake vingeondolewa. Na katika Injili ya Yohana, makutano wavuka bahari kumtafuta Bwana wetu, naye awaonyesha waziwazi kwamba wamemfuata kwa ajili ya mikate. Basi tukiuliza juu ya nia ya wazee wetu hatuwatukani; twawauliza lile ambalo Maandiko yamewauliza watu wote. Nataka kuliuliza hapa juu ya Wakristo wa kwanza wa Rabai na Freretown, katika nchi ya Mombasa. Habari zao zajulikana vizuri, na tena walishitakiwa mara nyingi kwamba walikuja kanisani kwa ajili ya faida.

I. Kiwete wa Rabai

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha C.M.S. cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe Rosine alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga akafa nyuma yake. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kaburi liko hata leo. Mwaka 1846 akaja mwenziwe Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wawili hao wakahamia Rabai, katika vilima vya Wamijikenda, wote wawili wakiwa wagonjwa wa homa.

Miaka iliyofuata haikuwa na mavuno ambayo mtu angeyaandika kwa herufi kubwa. Wazee wa Rabai waliwapokea wageni kwa heshima, wakawaacha wakae, lakini walikuwa na dini yao na kaya zao, wala hawakuona sababu ya kuziacha. Mtu wa kwanza aliyeamini alikuwa Mringe, kiwete maskini, naye alibatizwa akiwa karibu na kufa. Huyu ndiye jina la kwanza katika habari za kanisa lile.

Msomaji, mtazame vizuri Mringe. Hakupata shule, kwa maana alikuwa mtu mzima tena mgonjwa. Hakupata kazi wala mshahara. Hakupata ulinzi wa serikali, kwa maana hapakuwa na serikali ya Wazungu katika pwani ile. Hata ubatizo wake hakukaa nao muda mrefu hapa duniani. Kama Mshitaki wa Ayubu angekuja Rabai siku zile akitafuta faida iliyomvuta mtu huyu, angerudi mikono mitupu.

Na wamisionari wenyewe, nao wajaribiwe kwa kipimo kile kile. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya ugonjwa, lakini Rebmann alibaki. Alikaa Afrika miaka ishirini na tisa, akiandika kamusi na kufasiri Injili, huku waumini wake wakihesabika kwa vidole. Macho yake yakaanza kupofuka. Alipochukuliwa kwenda kwao mwaka 1875 alikuwa kipofu, naye akafa mwaka uliofuata. Watu wa mahesabu wangesema ya kuwa maisha yake yalipotea bure. Lakini aliyebaki mahali miaka ishirini na tisa bila sifa wala mavuno ametuonyesha kwamba hakuja kutafuta sifa.

II. Kengele ya Freretown

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Manowari za Waingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi yenye watumwa, na watu waliookolewa ilipasa wapelekwe mahali. Ndipo C.M.S. wakanunua ardhi bara ya Kisauni, wakaanzisha kijiji mwaka 1875, wakakiita Freretown kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyekuwa ametumwa kwa ajili ya mkataba ule.

Walioteremshwa pale walikuwa watu wa makabila mengi: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Hawakuwa na lugha moja, wala ukoo, wala mzee wa kuwaombea. Kiswahili kikawa lugha yao, na watu wa Mombasa wakawaita Wamisheni. Waliowatangulia walikuwa Waafrika waliolelewa Nasik katika nchi ya Bara Hindi, ambao nao waliokolewa baharini walipokuwa watoto, wakafundishwa kusoma na kazi za mikono. Miongoni mwao walikuwamo William Jones, Ishmael Semler na George David, ambao majina yao tutayaheshimu daima.

Katika Freretown palikuwa na kengele. Kengele ililia asubuhi watu wakaenda kusali. Ikalia tena wakaenda kazini. Na siku ya hatari ikawaita watu wakusanyike. Mahali pale paitwa Kengeleni hata leo, na wapitao kwa magari wengi hawajui sababu yake.

Sasa yatupasa kusema kweli, hata katika kitabu cha furaha. Mtu aliyeteremshwa kutoka katika jahazi hakuichagua Freretown. Aliwekwa pale. Alipewa nyumba, kipande cha shamba na kazi, naye alitakiwa kuhudhuria sala. Asiyetii sheria za kijiji aliadhibiwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 habari za viboko na vifungo vya Freretown zilifika Uingereza, zikaleta aibu kubwa, hata chama kikalazimika kuzichunguza. Basi mtu akikuonyesha kanisa la siku zile limejaa pomoni, usiseme upesi kwamba mioyo nayo ilijaa. Ibada iletwayo na kengele na kiboko yaweza kuujaza ukumbi, lakini haiwezi kutuambia nini kimo ndani ya mtu.

Wala sisemi kwamba wote walisali kwa hofu. Mwanamke aliyenyang'anywa watoto wake njiani, akavushwa bahari akiwa amefungwa, kisha akasikia habari za Mungu anayejua jina lake, yamkini alisali kwa machozi ya kweli. Nasema tu kwamba kengele ile ile iliwaita wote wawili, aliyetaka na asiyetaka, wakaketi katika benchi moja, na mwenye kuhesabu watu mlangoni hakuweza kuwatofautisha.

III. Watoro

Mambo ya Rabai yalikuwa tofauti, na hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Mkataba wa 1873 ulikomesha biashara ya baharini. Haukuukomesha utumwa wenyewe. Katika mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa watumwa waliendelea kulima, na wengi wao wakatoroka. Wengine walijenga vijiji vyao msituni. Wengine wakakimbilia mahali pa misioni: Rabai, na Ribe kwa Wamethodisti, na Fuladoyo.

Fuladoyo haikuanzishwa na Mzungu. Katika miaka ya 1870 Abe Ngoa, Mgiriama wa Godoma, alichukua mafundisho ya Injili kutoka Rabai akawapelekea jirani zake, na kikundi cha waumini kikatokea pasipo mmisionari kukaa kwao. Watu wa kikundi hicho ndio walioanzisha Fuladoyo, na watoro wakawajia, wakapokewa. Kiongozi wao mmoja alikuwa David Koi. Mwaka 1883 wenye watumwa walimkamata, wakamwua. Wakristo wa Kenya humkumbuka kama shahidi wao wa mwanzo.

Wamisionari wenyewe walikuwa katika shida. Walikuwa wamewaahidi watu wakubwa wa pwani kwamba hawatawapokea watoro, kwa kuwa waliogopa vita. Mwaka 1880 Freretown ilikuwa imetishiwa kushambuliwa. Lakini Rabai alikaa William Jones, ambaye mwenyewe aliuzwa akiwa mtoto. Mtu kama huyo angewezaje kumrudisha mtoro aliyesimama mlangoni na alama za pingu miguuni? Watoro wakapokewa, wakajenga vibanda, wakalima, wakaja kusikia mafundisho. Idadi yao ikaongezeka mwaka hata mwaka. Njaa kuu ya 1884 ikawaleta na wengine tena, waliotafuta chakula tu.

Ndipo mashitaka yakaja kutoka pande zote. Wenye watumwa walisema, "Hawa hawakuacha dini wala kushika dini, wamekimbia kazi." Wazungu kadhaa nao walisema ya kuwa watu hawa hujiita Wakristo ili wapate kinga, na siku kinga itakapokwisha haja, dini nayo itakwisha. Tusiyatupe maneno haya kana kwamba ni uongo mtupu. Ni kweli walitafuta kinga. Mtu anayefukuzwa hukimbilia mlango ulio wazi, wala hasimami kwanza kuuliza imani ya mwenye nyumba.

Lakini mashitaka hayo yalikuwa na kosa moja. Yalidhani ya kuwa haja ya mwili na haja ya roho haziwezi kukaa katika mtu mmoja. Waisraeli walipotoka Misri walitaka nini kwanza, kama si kuepukana na bakora ya msimamizi? Na mwana mpotevu katika mfano wa Bwana wetu alianza kukumbuka nyumbani kwao kwa sababu gani, kama si njaa? Baba yake hakumpima njaa ile njiani kabla ya kumkumbatia. Sababu iliyomwondosha mtu alikotoka si lazima iwe ndiyo sababu inayomfanya akae.

Jones naye alijaribiwa. Askofu James Hannington, askofu wa kwanza wa nchi hizi, alimweka yeye na Semler kuwa mashemasi mwaka 1885, kisha mwezi wa Julai akamchukua Jones katika safari ya kwenda Uganda kwa njia ya nchi ya Wamasai. Huko mbele askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya wapagazi, akaendelea na watu hamsini. Akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, na karibu wote aliokuwa nao wakauawa. Wachache waliookoka wakamletea Jones habari. Alingoja mpaka mwezi wa Desemba, kisha akawarudisha watu wake pwani kwa njia ndefu yenye njaa. Walipoingia Rabai mwezi wa Februari 1886 walitanguliwa na kitambaa cha buluu chenye jina Ikabodi kwa herufi nyeupe, jina la yule mtoto aliyezaliwa siku sanduku la Mungu lilipotekwa. Mtu aliyeifuata dini kwa kutafuta cheo na raha angeona pale kwamba amepata hasara. Jones alirudi kwa watoro wake, akaendelea na kazi.

IV. Siku ya kwanza ya Januari 1889

Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipewa amri yake ya kutawala pwani, na msimamizi wake, George Mackenzie, akafika Mombasa. Akaikuta nchi ikitokota. Wenye watumwa walikuwa wamepata hakika ya kwamba misioni zimejaa watoro wao, nao walikuwa tayari kuwachukua kwa nguvu. Mackenzie akafanya shauri nao: watalipwa fedha kwa kila mtoro, na mtoro atapewa hati ya uhuru. Watu waliohesabiwa walipita 1,400. Fedha zilitolewa na Kampuni, na serikali ya Kiingereza, na marafiki wa misioni.

Siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1889, watu walikusanyika Rabai, wakaanza kupewa hati zao. Haikuwa haki kamili, maana aliyelipwa siku ile alikuwa mwenye kumiliki, si yule aliyepoteza miaka yake shambani. Na utumwa katika pwani haukukomeshwa kwa sheria mpaka mwaka 1907. Lakini aliyeingia Rabai usiku kwa kujificha, sasa alitembea mchana na karatasi mkononi.

Katika Mambo ya Walawi, sura ya ishirini na tano, jubilei ndiyo mwaka wa kuwaacha watumwa huru na kumrudisha kila mtu kwa jamaa yake. Baragumu lilipigwa kwa ajili hiyo. Tukitafuta siku iliyostahili jina la jubilei katika habari za pwani yetu, hii ndiyo mojawapo.

Na siku ile ile ndiyo iliyojibu swali la Mshitaki. Maana kinga sasa haikuwa na haja. Aliyekuwa Mkristo kwa sababu ya bwana wake wa Takaungu hakuwa na bwana tena; mlango ulikuwa wazi wa kutokea kama ulivyokuwa wazi wa kuingilia. Na watu wengine waliutumia. Waliondoka wakaenda Mombasa kutafuta kazi, au wakajiandikisha kuwa wapagazi, au wakaenda kulima mahali pengine, na baadhi yao hawakuonekana tena kanisani. Tusiwalaumu, walitafuta uhuru, wakaupata, wakaenda zao.

Wengine wakabaki. Hapakuwa na sheria iliyowafunga wala hofu iliyowazuia. Wakaendelea kuja asubuhi katika kanisa la mawe lililojengwa Rabai miaka ile, na watoto wao wakaja baada yao. Kutoka kwa watu wa Rabai na Freretown wakatoka walimu waliokwenda Giriama, Taita na mahali pengine, na mishahara yao ilikuwa midogo. Chuo cha kufundisha makasisi kilichoanza Freretown mwaka 1903 kikahamia Limuru mwaka 1930, kikawafaa watu wa bara ambao babu zao hawakupata kusikia habari za Rabai. Kwa hao waliobaki twajua sasa jambo ambalo daftari haikuweza kutuonyesha siku ya ubatizo wao. Walikuja kwa sababu ya kinga. Walikaa kwa sababu nyingine.

V. Na sisi je?

Ndugu msomaji, ni rahisi kuwapima watu waliokufa. Sisi hatukufukuzwa na mtu. Wengi wetu tulizaliwa katika nyumba ya Wakristo, tukabatizwa tungali mikononi mwa mama zetu. Lakini faida za kuitwa Mkristo hazikwisha siku ile watoro walipopata hati zao. Zimebadilika sura tu. Yuko atafutaye barua ya kasisi ili mtoto apate nafasi shuleni. Yuko ajaye siku ya arusi na siku ya maziko, kwa kuwa aogopa maneno ya watu. Yuko atoaye sadaka kubwa iwapo jina lake litasomwa mbele ya kusanyiko, na lisiposomwa sadaka hupungua. Yuko atakaye uzee wa kanisa kama wengine watakavyo uchifu. Na yuko asali kwa bidii wakati wa ugonjwa, akipona husahau njia ya kanisani.

Mtoro wa Rabai alikuwa na udhuru. Alikimbia pingu. Sisi twakimbia nini?

Wala sitaki mtu yeyote asome maneno haya kisha akae nyumbani Jumapili akisema, "Nia yangu haijatakata bado." Kama Jones angengoja nia za watu zitakate, asingempokea hata mmoja, na Rabai ingebaki tupu. Mlango wa kanisa na ukae wazi kwa mwenye njaa, na mwenye hofu, na mwenye kutafuta barua. Lakini makasisi na wazee wasiridhike na hesabu ya mlangoni, wala asidhani mtu kwamba kuingia ndiko kufika. Wahenga husema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mungu alitufaa katika dhiki zetu. Swali ni kama twamjua bado siku dhiki inapoondoka.

Njia moja ya kujipima ni hii, nami naitoa kwa unyenyekevu. Kila mmoja na aichukue faida anayoipata kwa kuwa Mkristo, aitaje kwa jina mbele ya Mungu, kisha ajiulize: Kama ningepewa hati leo, yenye kunipa faida hii bila kanisa, je, kesho ningekuja? Mringe wa Rabai hakuwa na la kufikiri. Waliobaki baada ya tarehe 1 Januari 1889 walijibu kwa miguu yao, Jumapili baada ya Jumapili. Sisi nasi tutajibu katika miaka inayokuja, wakati nyimbo za jubilei zimekwisha na wageni wamekwenda makwao.

Mungu, ajuaye mioyo ya watu wote, atusamehe nia zetu zilizochanganyika, azisafishe kidogo kidogo, na atujalie kubaki.